Mabuti Yako Yamekwenda Ziara

Baba Kansiime,

Ndizi zimo sufuriani, pasha tu. Ndama hajanyweshwa maji.

Mimi na Kansiime tumekwenda na darasa lake huko Ihembe, kuona ng'ombe wakikamuliwa. Asubuhi ulisema mwanao mwenye usonji atatuaibisha huko, abaki nyumbani. Mimi sikukubali. Alikuwa mlangoni. Haongei, ila masikio anayo.

Ulipotoka tu, alibeba mabuti yako ya zizini, akayakumbatia, akagoma kupanda gari la shule bila hayo. Mwalimu Joanitha akasema basi, yaende. Kwa Kansiime, hakuna ng'ombe bila wewe.

~~Usitufuate.~~

Wanakamua saa kumi. Ukiyataka mabuti yako, njoo uyavae huku. Mwenye kuyashika anakusubiri.

Mama Kansiime