Mchuzi wa Ijumaa kwa Swaleh

Rwamgasa, Jumapili

Dada Justina,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, shemeji Tarsisi na mtoto wenu Limi, na kwamba mahindi ya kule bondeni yamebeba vizuri. Mimi naamka, nakula, naenda kazini. Yaliyobaki ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Ningepiga simu, lakini najua ungenicheka, na wewe ukianza kucheka mimi hushindwa kuendelea. Ombi langu nalitaja kwanza ili usilitafute: acha kuchoma dhahabu jikoni kwako. Wale majirani wanaokuletea mizigo yao waambie umeacha. Karai nililokuachia na ile chupa ya zebaki visilale tena ndani ya nyumba hiyo. Sababu ni ndefu kidogo, na inaanzia kwenye mchuzi.

Bosi wangu Swaleh unamjua kwa habari. Ni mtu wa Tabora, mnunuzi wa dhahabu, duka lake lipo karibu na mialo ya kuoshea mchanga wa dhahabu. Wachimbaji humletea dhahabu ikiwa bado imeshikana na zebaki, nasi wachomaji wake tunaichoma nyuma ya duka mpaka zebaki iishe kwa moshi. Kila Ijumaa baada ya swala hutukaribisha chakula, Waislamu na Wakristo mkeka mmoja, na kwa hilo watu wa hapa humsifu sana. Chakula ni mchuzi wa Kihindi. Mpishi ni Bi Raudha, ambaye mama yake alipikia familia moja ya Wahindi wenye duka Shinyanga mjini, na yeye akakulia katika jiko hilo. Bizari anazikaanga mwenyewe mpaka unazisikia kutoka barabarani. Kisha, kwa agizo la Swaleh, anatia pilipili kichaa bila huruma.

Jagi la maji huwekwa katikati ya mkeka. Atakayeligusa wa kwanza atachekwa wiki nzima. Nilipokuwa mgeni nililigusa kabla ya wote, machozi yakinitoka, na Marwa, mchomaji mwenzangu wa wakati huo, akawaambia watu waniache, sisi wa Ushirombo tumelelewa kwa uji. Marwa ndiye aliyekuwa bingwa. Alikuwa akila mchuzi ule kama mtu anayekula wali mkavu, huku akisimulia habari za mpira. Baadaye Swaleh akamwachisha kazi, akasema biashara imepungua. Marwa akarudi kwao Tarime, nasi tukasahau kuuliza ni biashara ipi iliyopungua.

Baada yake bingwa nikawa mimi. Nilidhani nimezoea. Walinipa jina la Bati, na nakiri nililipenda. Watu walikuja kutoka Kagongwa na Isaka, madereva wa malori, wakakaa mbele yangu kushindana, wakaondoka wameshika midomo. Mwezi wa sita alikuja fundi mmoja Mhindi anayeuza makarasha, zile mashine za kusagia mawe, mtu mpole, na Swaleh akatukalisha pamoja. Yule mgeni alikula kwa adabu mpaka jasho likamlowanisha kola, kisha akasukuma sahani akasema kwa Kiswahili chake kwamba hata bibi yake kule kwao, aliyekuwa mkali kwa kila kitu, asingethubutu kupika hivi. Watu walishangilia. Akaniuliza mimi nasikiaje. Nikajibu kuna joto kidogo, kwa kuwa ndilo jibu nililoona linafaa. Ukweli ni kwamba sikusikia kitu.

Siku hiyohiyo Bi Raudha aliniita nimsaidie kubeba sufuria. Kule jikoni akaniambia nifumbe macho, akanilisha kijiko kimoja, halafu kingine.

“Kikali ni kipi?” akauliza.

Nikasema ni cha pili.

“Cha pili ni cha sufuria ya Swaleh. Ana vidonda vya tumbo, hatii pilipili mdomoni. Tangu Pasaka nakuongezea pilipili, Festo, natafuta mahali utakaposhtuka. Sijapaona.”

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Alinieleza taratibu, akiosha vijiko, kwamba Marwa alifika hapohapo, na kabla ya Marwa wengine ambao mimi sikuwakuta. Moshi wa zebaki huanza na ulimi na midomo, halafu huja mikono. Mikono ikianza kutetemeka, dhahabu humwagika. Kwa hiyo Swaleh hungoja Ijumaa, hukaa na sahani yake isiyo na pilipili, huangalia nani hashtuki tena. Huyo humpigia makofi, humwita bingwa, na baada ya muda humwachisha.

Nilikwenda Geita kumwona daktari. Alinitaka nifumbe macho niguse pua kwa kidole, nikagusa shavu. Akanitaka niandike jina langu, akalitazama kwa muda. Nawe umeshauona mwandiko huu. Alisema niache kazi mara moja, na kwamba wanaodhurika mapema kuliko wote huwa ni watoto, kwa sababu miili yao ni midogo na hukaa karibu na mama zao penye moshi.

Sasa dada, nisikilize hapa. Sijaacha. Sina shamba, sina kazi nyingine ninayoijua, na Swaleh bado hajanipigia hesabu ya mwisho kwa sababu nimempotosha. Tangu niliporudi Geita, kila Ijumaa naomba maji. Nakaa kando ya Enock, mchomaji mpya ambaye ulimi wake bado mzima, namtazama. Akipepesa macho, nami napepesa. Akivuta kamasi, nami navuta. Akilifuata jagi, namtangulia. Watu wanacheka kwamba bati limepata kutu, nami nacheka pamoja nao. Ijumaa iliyopita Swaleh alinitazama kwa muda mrefu, akaridhika, akaamuru nipewe mzigo mkubwa kuliko wa wenzangu. Enock nimemweleza yote haya. Anaona nataka aondoke ili nibaki na kazi peke yangu.

Nimejifunza kuigiza maumivu ya pilipili, dada, ndiyo maana najua yanavyokuwa. Na ndiyo maana sauti uliyonitumia juzi nimeisikiliza mara nyingi. Ulisema Limi amekula achari ya Bi Raudha niliyokuletea, hakulia, akaomba nyingine, na shemeji akasema mtoto amerithi ulimi wa mjomba. Nikakujibu kwa kucheka. Tangu siku hiyo sijalala vizuri. Mtoto wa umri wake mwenye ulimi mzima angepiga kelele mpaka kwa jirani.

Unapochoma, Limi huwa mgongoni mwako. Nimewahi kukuona.

Mpeleke hospitali kesho, usingoje siku ya mnada. Lile neno zebaki litaje wewe mwenyewe, maana wasipoambiwa watapima malaria na kukurudisha nyumbani. Ukitoka huko jipime na wewe: shemeji akulishe vijiko viwili, macho umefumba. Usimwambie unatafuta nini, atacheka.

Kama utanikasirikia kwa karai lile, nikasirikie, lakini baada ya hospitali.

Wasalimie wote hapo nyumbani na jumuiya yetu. Shemeji mwambie ulimi haurithiwi. Limi mpakate kwa niaba yangu, nje, mbali na jiko.

Ni mimi mdogo wako,
Festo