Msitu Waliouita Pori Tu

Furaha mjukuu wangu,

Habari za Lubumbashi? Huku Nyamianda, miye niko bibi arusi! Mume wangu mpya ananiita "mupenzi" hata mlangoni pa kanisa, na moyo wangu unayeyuka.

Umeuliza kwa nini nilikasirika uliposema msitu wa juu ya kijiji chetu cha Makobola ni pori tu, ukatwe.

Nilipokuwa msichana, mkata mbao alituambia hivyo hivyo: "Hapa hamuna kitu, mama. Iko pori tu."

Mama yangu akatazama mzigo wa mbao begani mwa mtu huyo. "Kama hamuna kitu, weye unabeba nini?"

Watu walicheka, lakini mkata mbao alikata miti hadi kijito chetu kikakauka. Pori tu! Mama alipofariki, mbao za jeneza lake tulizinunua kwa mtu huyo huyo.

Koko wako anayekupenda