Sikio la Mke wa Muuza Njiwa

Jumatatu, 10 Nisani

Nimechoka. Meza yetu imepinduliwa. Yule Mgalilaya aliyeingia mjini jana akishangiliwa na wageni, leo kaingia ua wa hekalu na kuwatimua wachuuzi wote. Meza chini, fedha chini. Katika purukushani matundu mawili yakafunguka, na Asafu wangu akatoka mbio kufukuza njiwa huko kwenye nguzo, joho kalikunja hadi magotini. Ningecheka, ila nguvu sina.

Mimi nilibaki na matundu. Wakubwa wa hekalu wakamjia yule mtu wakamuuliza nani kampa ruhusa. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa. Akawajibu: libomoeni hekalu hili, nami nitalisimamisha tena. Sikuelewa. Alionekana amechoka kama mimi. Meza imevunjika mguu.

Jumanne, 11 Nisani

Kufagia chachu yote nyumbani kabla ya Pasaka. Kila pembe, kila mtungi. Mama mkwe ananifuata nyuma na taa, anauliza kama kwetu nilifundishwa kufagia au kupapasa. Wageni wa Pasaka wamejaa hadi juu ya dari. Miguu inawaka moto. Basi.

Jumatano, 12 Nisani

Mkubwa mmoja wa walinzi wa hekalu kaja. Anatafuta waliosikia maneno ya yule mtu juu ya hekalu, wakatoe ushahidi barazani. Nikamwambia mimi nilisikia, nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu kabisa. Kisha akamgeukia Asafu: "Na wewe, mzee, ulisikia nini?"

Ushahidi wa mwanamke haupokelewi barazani. Najua, tangu utotoni najua. Lakini leo imeniuma.

Na Asafu, ambaye saa ile alikuwa upande wa pili ananyemelea njiwa, akajibu bila kupepesa: "Nilisikia hivyo hivyo kama mama watoto."

Mlinzi alipoondoka nikamuuliza mbona kasema vile. Anasema walinzi hao ndio wanaogawa nafasi za meza. Akiwakatalia, baada ya Pasaka tutauzia wapi? "Na maneno si ya kweli? Wewe si mwongo. Nimeazima sikio lako tu."

Sikio haliazimwi kwenye kesi ya uhai wa mtu! Sheria anaijua: shahidi wa uongo hupewa adhabu ile ile aliyotaka mwenzake apewe. Yule akihukumiwa kufa kwa kiapo hicho, kisha ijulikane kwamba Asafu hakusikia kitu — na yeye atakufa. Naogopa. Namwogopea mume wangu. Na yule mtu pia namwogopea, kwa sababu maneno niliyosikia mimi yatamfikia kwa kinywa cha mtu ambaye hakuyasikia.

Alhamisi, 13 Nisani

Zakuri kaja, yule mbadili fedha wa meza ya jirani. Ndiye shahidi wa pili. Lazima wawe wawili, na wapatane. Anadai yule mtu aliapa kulibomoa hekalu kwa mikono yake mwenyewe. Nikamwambia hakusema hivyo, aliwaambia wakubwa ndio wabomoe, yeye ajenge.

"Shemeji," akasema, "hebu tuletee zabibu kavu."

Asafu akatazama chini. Nikaleta zabibu. Wakiwa wanatafuna nikamwambia mume wangu waziwazi: kawaambie hukusikia, yaishe. Zakuri akacheka: "Ndugu yangu, humu ndani hata masikio ni ya mkeo?" Hapo nikajua nimeharibu. Mwanamume akishachekwa mbele ya rafiki yake, hata jema hulikataa. Atakwenda kuapa.

Ijumaa, 14 Nisani, asubuhi

Wamemkamata usiku, bustanini, ng'ambo ya kijito. Wakaja kumchukua Asafu. Karudi jua linachomoza, uso umemsawijika, akakaa kizingitini akanieleza.

Yeye na Zakuri waliulizwa mmoja mmoja, mwenzake akiwa nje. Mzee mmoja wa baraza, mkali wa sheria, hakumuuliza Asafu alisikia nini. Alimuuliza alisimama wapi. Hilo hawakulipanga na Zakuri. Asafu akasema alikuwa kando ya matundu, karibu na yule mtu kiasi cha kumgusa. Mahali pangu mimi! Mzee akamwambia: "Mwenzako ameapa alikuona kwenye nguzo unafukuza njiwa, ukateleza ukaanguka." Baraza likacheka. Njia ya mwongo ni fupi. Mzee akasema ushahidi haukupatana, akawatoa nje wote wawili. Kwa kuwa maneno yao hayakumhukumu mtu, hawakuadhibiwa.

Nililia kwa furaha, sioni haya kusema. Nikamwosha miguu. Nikamwambia basi tumepona, na yule mtu naye kapona.

"Hapana," akasema Asafu. Walipokosa mashahidi walimuuliza mwenyewe, na jibu lake ndilo lililomtia hatiani. Yule mzee alibisha, hakusikilizwa. Amepelekwa kwa liwali wa Kirumi.

Na sasa hivi Zakuri kaingia anahema. Watu wote wa meza wanatakiwa mbele ya nyumba ya liwali. Hawaingii ndani — nyumba ya mtu wa mataifa ingewatia najisi, na jioni kuna Pasaka ya kula. Wanasimama nje, wasafi, na liwali ndiye anayetoka kuwasikiliza. Kila sikukuu huwaachia mfungwa mmoja, yule watakayemtaka. Zakuri anasema watamtaka mwingine, na huyu wataomba auawe.

Nikamuuliza Asafu kama anakwenda.

"Ni kelele tu," akasema. "Si kiapo. Pale hakuna wa kuniuliza nilisimama wapi."

Zakuri akanigeukia, tena kwa ukarimu: "Na wewe shemeji, vaa ushungi twende. Pale sauti ya mwanamke ni sauti kama nyingine."

Nimeingia ndani kuuchukua. Naandika nimesimama. Mwanakondoo analia uani na mama mkwe anauliza nani atampeleka hekaluni. Wiki nzima nimetaka kusikilizwa. Asafu yuko mlangoni, ananiambia taratibu kwamba tukifika nipaze neno la wenzangu, nisije nikaanza langu. Ushungi nimeshaufunga.