Neno la Baba Nililolimeza

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, pamoja na pole ya kazi na ya baridi. Natumaini u mzima, na kwamba kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kimetulia. Sisi huku tunapumua. Mama hajambo isipokuwa magoti, nayo unayajua, hayajawahi kukosa la kulalamikia. Baba yupo. Nitafika kwake taratibu, maana ndiye aliyenikalisha hapa, na barua hii nimeianza nikaichana mara kadhaa. Nakuandikia mchana, ofisini, mlango nimeufunga kwa ndani kama mwizi.

Najua utashangaa kupata barua ya mkono kutoka kwangu, mimi ambaye hata ujumbe wa simu huulaza mpaka uchache. Lakini kwenye simu ungesikia sauti yangu ungeniuliza kuna nini, nami ningekudanganya. Siku hizi nimekuwa hodari wa kudanganya. Kwenye karatasi angalau hunioni uso.

Kwanza habari za kazi, ili nipate pumzi. Kiwanda kinakwenda. Mtambo wa ndoo umepata kalibu mpya ya kuumbia plastiki, na mabeseni ya bluu yanatoka laini, hayana tena ile mikunjo iliyokuwa ikikuudhi. Watu bado wanamwita Baba Mzee Beseni, hata vibarua wapya ambao hawajawahi kumwona akilipindua beseni mbele ya mteja, akapanda juu yake na viatu vyake, akarukaruka, akitangaza kwa Kiswahili chake cha kubomoka kwamba likipasuka mteja aondoke na lori zima bure. Leo ana maghala, ana malori, ana lile jengo la ghorofa lililopangwa na benki, lakini mtu akiuliza njia ya kwetu hakuna anayelitaja jengo. Wanamwelekeza kwa Mzee Beseni, na kila mtu anafika.

Nilikueleza kwa kifupi kwamba kiharusi kilimkuta ghalani, akigombana na dereva juu ya namna ya kupanga mzigo. Sikukueleza yote. Mkono na mguu wa kulia vimelegea, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba Kiswahili kimemtoka mdomoni chote. Alipoanza kusema tena hospitalini alisema Kichina cha kijijini kwao, kile cha Bibi, polepole, neno likiisha ndipo jingine lije. Fikiria Mama. Ndiye aliyemfundisha huyu mtu Kiswahili, enzi zile akinunua kwake mabeseni ya kwenda kutembeza sokoni, akimcheka anavyokosea mpaka wakaoana. Sasa alikuwa ameushika mkono wa mumewe na kuniuliza mimi anasema nini.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mkalimani. Unakijua Kichina changu, ni cha mezani: njoo, kula, funga mlango, nani amechukua kalamu yangu. Mwenye lugha ile ni wewe, nawe uliilipia. Mimi nililala chumba kimoja na Mama mpaka nikaanza shule, wewe ulibebwa ukiwa hujajua hata kufunga kamba za viatu ukapelekwa kwa Bibi, Uchina, kwa sababu biashara ilikuwa changa na Baba alisema watoto wawili watamfunga mikono. Uliporudi ulikuwa msichana mrefu usiyeweza kumwomba mama yako maji. Nakumbuka Mama alivyokuwa akikuonyesha vitu jikoni, kijiko, sufuria, chumvi, akivitaja kimoja kimoja, halafu anaenda kulia uani. Mimi niliona ni mchezo, nikawa nakutajia majina ya uongo.

Na nakumbuka ile siku uliyoondoka tena, safari hii kwa miguu yako mwenyewe. Ulimwuliza Baba pale mezani kwa nini ulikuwa wewe na siyo mimi. Akajibu kwamba alikupa lugha na elimu, wengine wangeshukuru. Ukamwambia hutaki mali yake wala kiti chake, unataka kusikia kwamba alikosea, basi. Akaendelea kula. Getini, nikikupakilia begi, uliniambia utarudi siku atakayolisema hilo kwa mdomo wake, siyo kupitia kwangu wala kupitia kwa Mama. Nikakujibu kwamba basi utazeekea huko. Wala hukunikasirikia, ulinifunga kifungo cha shati kilichokuwa wazi ukaingia garini.

Sasa nije kwenye lenyewe. Mwezi uliopita maneno ya nje yalizidi. Wenye maduka ya jumla wakaanza kuuliza kama mzigo utaendelea kutoka, madereva wakanong'ona kwamba kiwanda kitauzwa. Mama akaona tusiache watu watutungie mazishi, akawaita nyumbani meneja wa mauzo, fundi mkuu, mhasibu na wakili wa Baba. Walikaa sebuleni wamebana magoti kama wageni wa posa. Baba alivalishwa shati jeupe, Mama akamchana nywele, nami nikasimama kando ya kiti chake cha magurudumu. Wakili akamwomba, kwa adabu zote, aseme mwenyewe ni nani atakayeshika kazi.

Baba alisema kwa muda. Alisema, akapumzika, akarudia yaleyale kama mtu anayetaka kuhakikisha hakuna kilichodondoka njiani. Alipomaliza nikawageukia wale watu nikawaambia kwamba Mzee anawashukuru kwa uvumilivu wao, kazi iendelee kama kawaida, na kuanzia sasa kiti chake nakikalia mimi. Sauti yangu ilitoka safi, hata mimi niliishangaa. Mama akamwinamia akamwuliza kwa Kiswahili kama ndivyo. Ilikuwa mazoea tu, maana sote tuliamini haelewi tena. Baba aliniangalia mimi, siyo yeye. Aliniangalia mpaka nikaanza kuikunja mikono ya shati langu. Kisha akaitikia kwa kichwa. Wakasimama wote kunipa mkono. Fundi mkuu, yule mzee asiyecheka, alinikumbatia akaniambia nimestahili, kwa sababu mimi ndiye niliyebaki.

Hilo neno, kwamba mimi ndiye niliyebaki, lilinishibisha siku kadhaa. Nilikuja ofisini mapema, nikahamisha meza ya Baba ikatazama dirisha, nikaagiza zulia. Usicheke. Niliagiza zulia.

Wiki mbili baadaye akaja mama mmoja, mtaalamu wa kuwafundisha wagonjwa kusema tena, ambaye hospitali ilituahidi zamani. Ni mtu mchangamfu, ana sauti kubwa, anamwita Baba babu. Alipofika hakuuliza mkalimani. Aliketi mbele yake akamwambia kwa Kiswahili ainue mkono wake mzima. Baba akauinua. Akamwambia aguse kikombe, halafu miwani, halafu pua yake mwenyewe. Akagusa vyote bila kukosea, na kwenye pua akatabasamu. Yule mama akatueleza kwamba kwa wagonjwa wengine hutokea hivyo, lugha ya utoto inabaki mdomoni na nyingine inakwama, lakini masikio yake ni mazima kabisa. Akasema Mzee amekuwa akituelewa tangu hospitalini, kila neno.

Mama alipiga kigelegele peke yake, kisha akalia, kisha akaanza kumwuliza maswali ya ndiyo na hapana kama mtoto aliyepewa kitu kipya. Je, uji ulikuwa na chumvi nyingi? Ndiyo. Je, alisikia mama mkubwa alivyomsema vibaya akidhani hasikii? Ndiyo, huku mabega yakitikisika kwa kicheko. Mimi nilikuwa nimeegemea fremu ya mlango. Nilitaka kutoka sikuweza. Ndipo Mama, kwa furaha tu, bila kushuku chochote, akamwuliza kama kweli siku ile alisema kiwanda kishikwe na mwanawe wa kiume, maana yeye alitegemea angalau atutaje wote wawili.

Baba akaniangalia tena vilevile. Akaitikia kwa kichwa.

Sivyo alivyosema, mdogo wangu. Nimefika sasa, na mkono wangu hautaki kuandika, lakini utaandika. Siku ile sebuleni Baba alisema binti yake aitwe. Alisema alimtoa mtoto mikononi mwa mama yake akakiita kitendo hicho elimu, na kwamba alikosea. Hilo la kukosea alilirudia, ndilo alilokuwa akihakikisha halidondoki. Alisema kiwanda ukishike wewe, kwa kuwa unajua mitambo na hubembelezi mtu, na kwamba kaka yako atakusaidia, maana ni mwaminifu. Kichina changu ni cha mezani lakini maneno haya yalikuwa mepesi, na aliyasema polepole kwa ajili yangu. Niliyaelewa yote. Usinitafutie kisingizio cha lugha, najua moyo wako, utajaribu.

Nilipolisikia jina lako nilihisi kama mtu anayetolewa kitandani kwake. Mimi ndiye niliyemvusha barabara, niliyekula naye, niliyembeba mgongoni siku alipoanguka, na bado neno lake la kwanza la maana lilikuwa wewe. Wivu ulinishika, mwenzangu, wivu wa kitoto kabisa. Nikayameza maneno yake nikatema yangu. Kiti ni jambo dogo, kiti unaweza kunisamehe. Lakini uliondoka nyumbani ukisubiri neno moja, likatamkwa mbele ya watu, nami niliyekuwa wa pekee wa kukufikishia nikalificha mfukoni. Hilo ndilo linaloninyima usingizi na hamu ya kula.

Naye alinisikia. Kila neno nililotunga alilisikia, amekaa pale na shati lake jeupe, mtu ambaye angeweza kutikisa kichwa mara moja tu nikaumbuka mbele ya wote. Hakutikisa. Alinisitiri. Mara ya pili, mbele ya mkewe, akanisitiri tena. Tangu siku ile hajarudia kuniambia habari yako hata kwa Kichina, na asubuhi ninapomuaga ananinyooshea kola kwa mkono wake mzima. Afadhali angenitemea mate.

Wakili nimemzuia asikamilishe hati, nimesingizia homa ya Baba, uongo mwingine juu ya ule wa kwanza. Ningekuwa mwanamume ningewaita wale watu leo hii nikawaambia ukweli. Sijaweza. Mama sijaweza kumwambia pia, ananipakulia chakula kwanza siku hizi, kabla ya Baba, nami nakila nimeinamisha kichwa. Nimeweza kukuandikia wewe tu, na hata hilo kwa sababu uko mbali.

Njoo. Alishasema, kwa mdomo wake, kama ulivyotaka, na ni haki yako kuja. Nitawakusanya walewale, sebuleni palepale, nawe utakaa karibu naye umsikie bila mtu katikati. Ila kuna jambo moja linanitisha kuliko hasira yako. Utakapoingia utamwuliza, najua, hutaweza kujizuia. Utamwuliza kama ni kweli kaka yako aliyageuza maneno yake. Naye ataniangalia, kisha atakwambia hapana, kaka yako alitafsiri sawasawa, alisema kiwanda kiwe chake. Atakudanganya akiwa anakupenda, ili mimi nisiaibike mbele yako. Tafadhali, siku hiyo usimwamini Baba. Niamini mimi.

Mama anakusalimu sana, anasema ukipata nafasi umtumie picha yako, siyo ya kazini, ya kawaida. Magoti yake nayo yanakusalimu. Msalimie jirani yako aliyekuuguza, mwambie tunamshukuru. Baba hajui kama nakuandikia, lakini asubuhi hii nilipokuwa nikitafuta kalamu alininyooshea yake, kwa hiyo labda anajua.

Nakutakia afya njema na safari njema, ukiamua kusafiri.

Ni mimi, ninayeona haya kujiita,
Kaka yako