Hapana yangu kwenye usaili

Jumatano, baada ya Isha

Jibu nililolikariri wiki nzima halikufika mbali. Yule mama mwenye miwani, mkuu wa usaili, aliniuliza udhaifu wangu ni upi, nikasema nafanya kazi kupita kiasi.

"Mwanangu, wewe ni wa nne leo mwenye ugonjwa huo," akasema. "Taja wako."

Nikasema ukweli. Naogopa watu, ndiyo maana pale dukani Msimbazi kila mteja namjibu "haina shida", hata kama mzigo wake haujafika.

"Basi tukikuajiri, kesho utaanza?"

"Haina shida."

Wasaili wote watatu walicheka. Nikatazama viatu vyangu. Kazi hii naitaka mno, ina mkataba, na dukani sijawahi kupewa.

Kisha nikamwambia, "Hapana, mama. Kesho siwezi. Bosi wangu yuko safarini na funguo za stoo ninazo mimi. Naomba wiki moja."

Aliandika kitu kwenye karatasi yake bila kuniangalia. Huenda nimejiharibia. Hata hivyo leo nimekula ubwabwa nikamaliza sahani, mara ya kwanza tangu waniite kwenye usaili.