Mguu Ambao Bibi Yako Alikataza Usivutwe

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba. Huku Kilosa hatujambo, na mpunga wetu wa Tindiga umekubali. Tumefurahi kusikia unaanza kutembea tena.

Unauliza kwa nini kocha aliwazuia wenzako kuuvuta mguu wako ulipoumia kwenye netiboli. Mimi nilijifunza hilo enzi za Waingereza, nilipokuwa nakata mkonge na kucheza mpira kila Jumapili.

Siku moja tulicheza na vijana wa reli. Niliruka kupiga kichwa, nikatua vibaya, kifundo kikageuka. Mwenzangu akaushika unyayo. "Umeteguka tu," akasema. "Tuuvute urudi."

Bibi yako, wakati huo msichana nisiyemjua, akatoka kwa watazamaji. "Kaka, usivute. Kaka yangu alivutwa hivyo hivyo kumbe mfupa umevunjika, mpaka leo anachechemea." Akaniuliza, "Unaweza kuukanyaga?"

Nikajaribu, nikaanguka. Wakaufunga kwa vijiti na kanga yake ili usitikisike, wakanibeba hadi hospitali. Kweli, picha ya eksirei ilionyesha mfupa una ufa. Mganga akasema kwa macho tu huwezi kujua, kwa sababu uliovunjika na ulioteguka yote huvimba. Kuuvuta kungeweza kuuachanisha kabisa.

Nilipumzika mpaka ukaunga, kisha nikarudi uwanjani na kuwafunga vijana wale wale wa reli. Bibi yako, ambaye wakati huo tayari nilikuwa nimemposa, anadai hadi leo bao lile lilikuwa la bahati. Mimi najua nililenga.

Babu yako, anayetembea wima hadi leo