Kitanda cha Chepe

Nyumba ya Mwisho,
Barabara ya Machimboni,
S.L.P. 77.

Jumatano, 9 Agosti

Mdogo wangu mpendwa,

Niwie radhi kwa miezi minane ya ukimya. Barua zako mbili ziko hapa mezani, na kila asubuhi zinanitazama kama wanafunzi ambao mwalimu wao hajawasahihishia kazi. Sikuwa mgonjwa wala safarini. Kwanza nilishikwa na kazi, kisha nikashikwa na hasira, na sikupenda kukuandikia nikiwa na hasira.

U hali gani? Goti lako limepona? Shemeji bado anakohoa? Watoto wanasoma, au wanakaa tu darasani? Hapa tu wazima. Mama anakula vizuri, anasikia lile analotaka kulisikia, na mwezi uliopita alihamia kwa kaka yako Chepe. Sababu yake nitakueleza.

Unakumbuka kwamba shamba la baba tuligawana mimi na Chepe, wewe ulipokataa sehemu yako kwa kuwa uko mbali, na kila mmoja akafungua machimbo ya changarawe upande wake. Mwaka huu ofisi inayosimamia machimbo inayapitia yote upya. Hakuna atakayeongezewa leseni bila kuonyesha jinsi atakavyolifukia shimo lake na kuirudisha ardhi iweze kulimika. Leseni yangu inakwisha mwezi ujao. Nikinyimwa nyingine, wachimbaji wangu tisa watakaa nyumbani, nami nitabaki na shimo lenye kina cha mita kumi na mbili mbele ya dirisha langu, likijaa maji kila mvua inaponyesha.

Mpango wangu niliuandika mwenyewe: kurasa arobaini na moja, ramani mbili, na hakuna koma iliyokaa mahali pasipo pake. Chepe, ambaye unajua aliacha shule darasa la sita, alipeleka kurasa tatu na mchoro wa penseli. Nilipouona nilimhurumia. Nakiri kwamba nilifurahia kumhurumia.

Ofisi ikamtuma mhandisi wa kike pamoja na karani wake kuja kukagua. Alianza kwangu. Alipekua kurasa, akaonekana kuridhika.

"Mzee, hii imeandikwa vizuri sana. Umesema utarudisha udongo wa juu, nusu mita, kisha upande nyasi."

"Ndivyo."

"Huo udongo uko wapi?"

Mdogo wangu, nilimfungulia ramani ya pili, na udongo haukuwa humo. Siku tingatinga lilipoingia shambani, miaka kumi na mmoja iliyopita, Mama alituambia sote wawili tuuweke kando udongo mweusi wa juu. Mimi nilikuwa na haraka. Malori yalikuwa yakinasa kwenye tope karibu na lango, nikaumwaga wote pale, nikaushindilia, nikajisifu kwa werevu wangu. Sasa umechanganyika na kokoto na oili, na hauoteshi hata magugu. Chepe aliurundika wake mpakani, akaupanda nyasi ili usichukuliwe na mvua. Miaka yote hiyo niliwaonyesha wageni rundo lile na kuliita kitanda cha Chepe, kwa kuwa mchana alikuwa akijilaza juu yake.

Kwake walikaa saa mbili. Kona aliyokwisha kuifukia ina nyasi za kufika magotini, na mbuzi wake wawili wanalisha hapo. Nilisimama upande wangu nikijifanya nakagua ua. Nikamsikia mhandisi akimwambia karani, "Piga picha hapa, tukawaonyeshe wengine." Wengine ni nani, kama si mimi?

Kesho yake Mama akaagiza kiti chake kipelekwe kwa Chepe. Akasema kwangu kuna vumbi. Vumbi hilo lipo tangu tulipoanza kuchimba.

Ninamwonea wivu. Nimeliandika neno hilo na sitalifuta. Namwonea wivu kwa nyasi zake, kwa mbuzi wake, hata kwa penseli yake. Na mimi ndiye niliyemfundisha kushika penseli.

Jumapili alikuja mwenyewe, miguu imejaa matope, akakaa mlangoni.

"Kaka, udongo wangu unazidi shimo langu. Chukua nusu."

"Sikukuomba."

"Najua. Ungeniomba ningekimbilia daktari, ningedhani unaumwa." Akacheka peke yake. "Ila yule mama wa ofisini anataka maandishi. Wewe uniombe, mimi nikubali. Mimi nitaandika ndiyo, hilo naliweza. Kuomba ni juu yako. Si wewe ndiye mwenye maneno?"

Barua hiyo inatakiwa ofisini Ijumaa. Majirani nimewaandikia maombi ya kazi, ya ruhusa, ya msamaha, hata ya uchumba. Hii ya mistari miwili imenishinda siku ya nne sasa. Nilianza "Kwa Bwana", nikaona ni kumdhihaki. Nikaanza "Kwa mmiliki wa kiwanja jirani", nikaona haya. Ndipo nikachukua karatasi nyingine nikuandikie wewe, angalau mkono uzoee kusema na mtu wa nyumbani.

Nisalimie shemeji, watoto, na shangazi aliye nanyi. Mwambie kwamba miwani aliyonipa ndiyo niliyovaa sasa. Mama naye angekusalimu, ila salamu zake siku hizi zinatoka nyumba ya pili. Mungu akutunze huko uliko, akupe usingizi mwema na magoti yasiyouma.

Ofisi ikishaamua nitakuandikia, na sitakuweka tena miezi minane. Ile barua ya Chepe nimeianza upya hivi punde, kabla sijaikunja hii yako. Nimeandika "Mdogo wangu mpendwa", kama nilivyokuandikia wewe. Umebaki mstari wa kuomba.

Akupendaye daima,
Kaka yako mkubwa